Wakfu wa Nyumba za Kukaa: Aliyewajengea Wanyonge Tumkumbuke kwa Lipi?

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa njema zote anastahiki Allah, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba zake wote. Amma baad.

Swali lililonifanya nishike kalamu limeletwa na maimamu wa Nachingwea na Ruangwa, na sura yake ni hii. Mtu wa kheri alijenga vyumba vya kupangisha. Kila msimu wa korosho ulipokwisha aliongeza chumba kimoja au viwili, tofali za kuchoma na bati, mpaka vikawa safu nzima. Hakuvipangisha kwa bei ya mjini. Wajane aliwatoza kidogo, walimu wapya waliopangiwa kazi wilayani aliwasubiri mpaka mshahara wa kwanza utoke, na wanafunzi wa madrasa waliotoka vijijini hakuwatoza kitu. Mdomoni mwake lilikuwa neno moja: vyumba hivi ni vya watu. Kisha akafariki. Hata arubaini haijafika, warithi wakakaa kikao, wakatangaza kodi mpya, na asiyeiweza akaambiwa ahame. Majirani wanauliza: je, vyumba vile si wakfu? Aliyesema ni vya watu, mali yake inakuwaje ya wanawe?

Simtaji maiti wala ukoo, kwa kuwa swali hili limenijia zaidi ya mara moja na kwa majina tofauti. Wala si ajabu likaja kutoka huko. Ruangwa ya leo si Ruangwa ya jana. Tangu madini ya kinywe yaanze kutajwa, kila mwenye kiwanja amejua kuwa ana kitu, na chumba kilichokuwa hakina thamani kimepata wateja wanaolipa miezi sita kwa mkupuo. Katika hali kama hiyo, wema usiofungwa kwa hukumu haudumu.

Jibu kwa mujibu wa madhehebu yetu ya Imamu Shafii, ingawa litawauma wengi, ni kwamba vyumba vile si wakfu. Ni tirka, mali ya marehemu inayorithiwa. Imamu Nawawi (aliyefariki mwaka 676 Hijria) ameeleza katika Minhaj, kitabu ambacho wengi wetu tumekisoma kwa masheikh wetu, kwamba wakfu hausihi ila kwa tamko. Tamko la wazi ni kama kusema nimeweka wakfu, nimezuia asili ya mali hii, au nimeitoa sadaka isiyouzwa wala kurithiwa. Kusema vyumba hivi ni vya watu ni kinaya, neno lenye kubeba maana mbili, na kinaya huhitaji nia. Nia anaijua aliyesema, na aliyesema yuko kaburini. Mwenye kudai wakfu alete mashahidi waliosikia tamko, au maandishi yenye mashahidi. Vinginevyo mali hubaki katika asili yake.

Najua kuna watakaosema madhehebu mengine ni mepesi zaidi. Ni kweli. Kwa Mahanbali, kwa mfano, mtu akijenga msikiti akawaruhusu watu wauswalie, kitendo chake kinatosha pamoja na dalili ya desturi. Lakini hata kwa wao, kitendo kiwe ni chenye kuonesha wakfu. Kupangisha kwa bei ndogo hakuoneshi wakfu. Kunaonesha ukarimu, na mkarimu anaweza kuwa mkarimu katika milki yake mwenyewe. Mtu anayempunguzia mpangaji kodi kila mwezi anatoa sadaka mpya kila mwezi, na sadaka hiyo inakoma siku mkono uliokuwa ukitoa unapokoma.

Ikiwa alisema nikifa vyumba hivi viwe wakfu kwa maskini, mambo yanabadilika. Hilo linasihi, ila linachukua hukumu ya wosia: linapita ndani ya theluthi ya mali iliyobaki baada ya madeni, na kinachozidi theluthi kinasubiri ridhaa ya warithi. Hapa ndipo mashahidi wanapohitajika, na hapa ndipo mara nyingi wanapokosekana.

Kuna haki moja ya wapangaji ambayo imedharauliwa. Kwa Mashafii, mkataba wa kupangisha hauvunjwi na kifo cha mwenye nyumba. Mjane aliyelipa miezi sita kabla ya kifo anakaa miezi yake yote sita kwa bei ile ile, na mrithi hana ruhusa ya kumdai ziada wala kumtoa. Maimamu walisemee hili waziwazi, maana watu wanatolewa nje na vyombo vyao na hakuna anayesema neno.

Sasa tuwatazame waliofanya jambo hili vizuri, kwa sababu wapo, na wa kwanza wao ni miongoni mwa wale kumi waliobashiriwa Pepo. Zubair bin Awwam (r.a.) alikuwa mtu wa nyumba. Imepokewa katika Sahihi Bukhari kwamba alipouawa mwaka 36 Hijria aliacha nyumba kumi na moja Madina, mbili Basra, moja Kufa na moja Misri. Aliacha pia deni la dirhamu milioni mbili na laki mbili, kwa sababu watu walikuwa wakimpelekea mali zao awawekee amana, naye akikataa kuzipokea kama amana na kuzichukua kama mkopo, ili zikipotea awe ni mwenye kulipa. Kwa faida ya wajenzi wa leo wanaopokea fedha za watu kabla hawajachimba msingi, natamani habari hii isomwe taratibu. Mwanawe Abdallah alilipa deni lote kwanza. Na hata baada ya kulipa, alikaa misimu minne ya Hija akitangaza kwamba mwenye kumdai Zubair ajitokeze, ndipo akagawa mirathi.

Zubair huyo huyo, Bukhari ametaja, aliziweka nyumba zake sadaka, akaweka sharti kwamba binti yake yeyote atakayerudishwa na mume, yaani aliyeachika, akae humo bila ya kudhuru wala kudhuriwa, na akijitosheleza kwa mume mwingine basi hana tena haki. Tazama jinsi sharti lilivyopimwa. Anayekaa ni mwanamke asiye na pa kwenda. Anakaa kwa muda wa haja yake. Haruhusiwi kuharibu, wala hakuna wa kumsumbua. Haja ikiisha, nafasi inamwendea mwingine. Na Abdallah bin Umar (r.a.), kama alivyotaja Bukhari katika mlango huo huo, fungu lake katika nyumba ya baba yake Umar alilifanya makazi ya wenye haja katika kizazi chake. Hawa hawakusema nyumba ni za watu wakaishia hapo. Walitaja nani, lini, na kwa sharti gani.

Wakfu wenye tamko na mashahidi nao unaweza kuvunjwa, ikiwa wanaousimamia ni dhaifu. Nyumba ya Arqam pale Safa, ambamo Mtume (S.A.W.) aliwafundisha Waislamu wa mwanzo, Arqam mwenyewe aliifanya sadaka kwa wanawe, isiuzwe wala isirithiwe, na akashuhudisha. Ibn Saad ameeleza katika Tabaqat yaliyotokea baadaye. Khalifa Abu Jaafar al-Mansur aliitaka nyumba ile. Baada ya maasi ya Madina ya mwaka 145 Hijria mjukuu wa Arqam, mzee aliyepindukia miaka themanini, alitiwa gerezani kwa tuhuma, kisha akaambiwa atafunguliwa akiuza haki yake. Akajibu kwanza kwamba ile ni sadaka. Mwisho aliuza, kwa dinari 17,000, na ndugu zake wakafuata. Wakfu ulioachwa mikononi mwa mzao mmoja mmoja, bila ya jamaa wa kuutetea, ulivunjwa kwa gereza na fedha.

Kwetu Afrika Mashariki makazi ya wakfu si jambo geni. Sayyid Hamoud bin Ahmed Al-Busaidi wa Unguja, katika karne ya 19, aliweka wakfu nyumba Makka za kufikia mahujaji wa kwetu, na jina lake linatajwa kwa nyumba hizo kuliko kwa mashamba yake. Ng'ambo ya Unguja nayo ina kisa chake. Wenye ardhi wa karne hiyo waliwaacha watu wao, wakiwemo waliokuwa watumwa, wajenge vibanda katika viwanja vyao, nyumba ikawa ya mjenzi na ardhi ya mwingine. Sehemu ya ardhi hiyo ilikuwa ya wakfu. Wengi walikaa bila ya kulipa, au kwa malipo ya heshima tu. Ilipoingia karne ya 20 kodi ya viwanja ikaanza kudaiwa kwa ukali, ikapanda, mpaka mwaka 1928 watu wa Ng'ambo, wanawake kwa wanaume, wakagoma kulipa. Wengine walitiwa ndani, na serikali ikalazimika kuiwekea kodi ile kikomo kwa sheria. Kamisheni ya Wakfu ilikuwapo tangu 1905. Kuwapo kwa ofisi hakukutosha kulinda alichokusudia mwenye ardhi, pale ambapo alichokusudia kilibaki katika desturi na hakikuingia katika sharti.

Hapa nakuja kwenye jambo ambalo naliona ni zito kuliko yote, na ambalo nimeona hata wanafunzi wakubwa wanalipita. Mafakihi wamesema kwamba msimamizi wa wakfu (nadhir) hana ruhusa ya kuupangisha kwa chini ya ujratul mithl, yaani kodi ya mfano wake, kodi ya soko. Akipangisha chini ya hapo, mkataba hausihi, kwa sababu anapunguza haki ya wanaostahiki. Maana yake ni kwamba mtu akitamka wakfu wa vyumba kwa maskini wa Ruangwa bila kusema zaidi, msimamizi mchaji Mungu atalazimika kuvipangisha kwa bei ya soko, kwa mhandisi wa mgodi, kisha mapato ndiyo awagawie maskini. Mjane atapata fungu la fedha, lakini chumba atakipoteza. Pengine sivyo alivyotaka marehemu, lakini ndivyo alivyosema.

Kwa hiyo mwenye kutaka makazi nafuu aseme makazi nafuu. Atamke kwamba vyumba hivi ni wakfu kwa ajili ya kukaliwa na mtu fulani na fulani, wajane wa mtaa huu, wanafunzi wa dini, mwenye kuachika, kama Zubair. Ama wakae bure, ama watoe kiasi kisichozidi matengenezo ya bati, choo na kuta. Na wakfu ukikosa mkaaji wa sifa hiyo, upangishwe vipi, na mapato yaende wapi. Sharti la mweka wakfu halali hufuatwa. Nawawi amesema hata akishurutisha usipangishwe kabisa, kauli yenye nguvu ni kwamba sharti lake litafuatwa. Kiasi kidogo cha matengenezo nakihimiza kuliko bure moja kwa moja, kwa sababu nimeona vyumba vya sadaka vikianguka kwa kukosa bati tatu.

Linabaki swali la ardhi, na hapa ndugu zetu wa kusini wana taabu yao. Nachingwea mjini ni mji uliochipuka na mradi wa karanga wa Waingereza, ulioanza 1947 na kuvunjwa 1951. Reli iliyoletwa kwa ajili yake nayo ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Vijijini, Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 iliwahamisha watu kutoka mahame yao na kuwapanga kwa safu barabarani, kila mtu akaoneshwa kiwanja kwa kidole. Wazee wengi wamejenga maisha yao yote juu ya kiwanja cha kidole. Kisha sheria za ardhi za mwaka 1999, Namba 4 na Namba 5, zimeendelea na msingi kwamba ardhi yote ni ya umma chini ya Rais kama mdhamini, na raia ana hakimiliki tu, ya muda au ya kimila. Basi kama ardhi si yangu, naweka wakfu kitu gani?

Minhaj imejibu karne saba kabla ya sheria hizo. Mtu akiweka wakfu jengo au miti iliyo katika ardhi aliyoikodi kwa ajili hiyo, kauli iliyo sahihi zaidi ni kwamba inajuzu. Mpangaji wa ardhi hawezi kuiweka wakfu ardhi yenyewe, kwani haimiliki, lakini jengo ni lake. Wapo wanaoona kwamba hakimiliki yetu, kwa kuwa inauzwa, inarithiwa na kulipiwa fidia, imefikia kiwango cha milki. Mimi nachukua njia ya tahadhari: tamko litaje jengo kwa jina, kisha litaje haki yoyote aliyonayo mwenyewe juu ya kiwanja. Na kama siku moja eneo litatwaliwa kwa mgodi au barabara, fidia ya jengo la wakfu haigawiwi warithi. Inanunuliwa au kujengwa nyumba nyingine mahali pake, nayo inakuwa wakfu kama ile ya kwanza. Kwa watu wa Ruangwa hili si suala la darasani.

Tamko lenyewe lisiishie msikitini baada ya Ijumaa. Lipelekwe kwa serikali ya kijiji au halmashauri ili hati isomeke hivyo. Na usimamizi usiachwe kwa mtoto mmoja mpenzi: iundwe bodi ya wadhamini na isajiliwe RITA kwa mujibu wa sheria. Tanzania Bara mahakama za kadhi ziliondolewa katika muundo wa serikali baada ya uhuru. Siku ya ugomvi, hakimu atataka karatasi.

Nawatahadharisha na tamko la hila pia. Kuna wanaoandika wakfu kwa wanangu wa kiume, na maskini wakitajwa mwishoni kabisa, uzao ukikatika. Mwaka 1894 baraza la rufaa la himaya ya Waingereza huko London lilibatilisha wakfu wa namna hiyo katika kesi ya Bengal, kwa hoja kwamba fungu la maskini ni la mbali mno. Waislamu wa India walihangaika mpaka sheria ya 1913 ikawarudishia wakfu wa ukoo. Msimamo ule wa London ulifuatwa mpaka Mombasa, katika kesi ya ukoo mmoja iliyofika huko huko London mwanzoni mwa miaka ya 1950, na Kenya ikalazimika kutunga sheria ya Makamishna wa Wakfu ya 1951 ili kusahihisha. Majaji wale hawakuifahamu fiqhi, sawa. Lakini sisi nasi tuliwapa mlango, kwa kuwataja maskini kwa ajili ya kupamba karatasi. Fungu la asiye na makazi lianze siku ya kwanza.

Kwa Wamwera, Wamakua na Wayao kuna jambo jingine. Kwa mila, nyumba ya mtu huangaliwa na upande wa mama, na wapwa hudai kabla ya watoto. Sheria ya mirathi ya Kiislamu imekwisha kugawa, na mpwa wa upande wa dada si mrithi wa fungu. Lakini hakuna kizuizi kwa mtu kumtaja dada yake mjane, au mpwa wake yatima, miongoni mwa wakaaji wa wakfu. Akifanya hivyo akiwa mzima amekata ugomvi ambao vikao vitatu vya ukoo visingeukata. Akingoja maradhi ya mauti, ni theluthi tu, na kumwekea mrithi kunahitaji idhini ya wenzake.

Kuhusu khitma ya kila mwaka wanayotaka kumfanyia marehemu, sina ugomvi na dua. Hadithi ya Mtume (S.A.W.) aliyoipokea Muslim, juu ya amali tatu zisizokatika mtu akifa, kila mmoja wetu anaijua. Iliyopokewa na Ibn Majah inaitaja waziwazi nyumba aliyoijenga mtu kwa ajili ya mpita njia kuwa katika yanayomfuata kaburini. Gharama ya pilau ya khitma moja inaezeka chumba. Wenzetu Maismailia, ambao madhehebu yetu si yao, walipoadhimisha jubilei ya almasi ya imamu wao Dar es Salaam mwezi Agosti 1946, fedha iliyochangwa iliwekwa katika mfuko wa uwekezaji uliokopesha vyama vya ushirika vya nyumba. Mtu akipita Upanga ataona matokeo.

Na warithi wa mtu wetu? Mlango haujafungwa. Walipe kwanza madeni ya marehemu, na watangaze kama alivyotangaza Ibn Zubair. Kisha kila mrithi aliyebaleghe na mwenye akili timamu anaweza kuliweka wakfu fungu lake, hata kabla vyumba havijagawanywa, kwani wakfu wa fungu lisilotengwa unasihi, na mafungu mia ya Umar (r.a.) katika ardhi ya Khaibar yalikuwa ya namna hiyo. Mafungu ya watoto wadogo yasiguswe. Hata mama yao hana ruhusa ya kuyatoa. Yapangishwe kwa bei ya soko na fedha ihifadhiwe kwa ajili yao. Wakipatikana warithi wawili tu watakaokubali, na mafungu yao yakatosha vyumba viwili, wamwite imamu na mashahidi, watamke majina ya watakaokaa humo, na mjane aliyeambiwa ahame arudishwe katika kimojawapo. Thawabu ya tendo ni yao, na wakinuia na baba yao, fadhila za Allah ni pana. Wallahu aalam.